Mimi sikujikwaa

Wiki hii peke yake nimeulizwa mara tatu. Kwanza kwenye matatu ya Magongo, alafu msikitini baada ya alasiri, alafu mtoto wa jirani ambaye hakutaka maneno mengi, alinyoosha tu mkono kwenye mguu wangu akasema, "Mjomba, kile kidole chengine kiko wapi?" Na mie kila nikiulizwa najibu "aah, mambo ya kazi" nabadilisha mada. Basi leo umeme uko, chai ya tangawizi iko kwenye thamosi, naandika yote, atakaeuliza tena namtumia linki tumalizane.

Mimi ni karani wa godauni. Godauni lenyewe ni la majani chai, upande wa Changamwe, mabati juu mabati pembeni, ukipita nje kitu cha kwanza ni harufu. Wengi hapa hapa Mombasa hawajui kwamba chai inayopigwa mnada mjini kwetu si ya Kericho na Limuru tu, kuna ya Uganda, ya Rwanda, ya Burundi, mpaka ya Malawi, na mnada uko hapa tangu 1969 ulipohamishwa kutoka Nairobi. Sasa chai yote hio kabla haijapanda meli Kilindini lazima ilale mahali, na inalala kwetu na kwa wenzetu, magunia ya karatasi yamepangwa juu ya paleti, alafu mtu kama mie anapita na klipbodi anahesabu, hili limepasuka, hili limelowa, hili namba yake haifanani na karatasi. Kazi safi. Mamangu alikuwa akiwaambia watu mwanangu yuko ofisini.

Foklifti zetu, yale magari ya kunyanyulia paleti, zilikuwa mbili, moja imekufa iko uani kuku wa mlinzi wanatagia mayai pale chini ya kiti (sisemi mzaha), na moja ndio hio inayofanya kazi. Dereva wake tunamwita Rubani, manake akipanda tu anatangaza kama yuko uwanja wa Moi, "abiria fungeni mikanda", na yeye mwenyewe hafungi.

Kuna kitu kuhusu foklifti ambacho nilikijua baada ya kuumia, na miaka minne nilikuwa nafanya kazi nayo kila siku. Mtu akiiona foklifti anatazama meno. Yale meno mawili mbele ndio yanayotisha, kila mtu anayakimbia. Lakini foklifti haigeuki kama gari. Gari linageuka na magurudumu ya mbele, nyuma inafuata tu, foklifti inageuka na ya nyuma. Kwa hivo dereva akikata kona, mbele inabaki karibu pale pale na ni mkia ndio unaofagia, unatoka upande ambao hukuutarajia, na unatoka kwa kasi. Na huko mkiani ndiko walikoweka chuma kizito cha kusawazisha mzigo, manake bila hicho ikinyanyua paleti ingebinuka kifudifudi. Foklifti ya kubeba tani mbili na nusu yenyewe inapita tani tatu na nusu. Ikiwa imebeba, uzani unahamia mbele. Ikiwa tupu, zaidi ya nusu ya uzani wote huo umekaa nyuma, juu ya vile vigurudumu viwili vidogo.

Ilikuwa tupu.

Alhamisi, saa tisa kasoro, lile joto la mchana ambalo bati linalia juu. Nilikuwa nimesimama baina ya nguzo ya tatu na nguzo ya nne, mgongo umeelekea njia, nahesabu safu ya ukutani. Rubani amekuja, ameshusha paleti yake upande wa pili, amerudi nyuma, amekata kona. Sikusikia kitu. Foklifti ikirudi nyuma inatakiwa ilie, ile tii tii tii, ila king'ora chetu kilikuwa kimekatwa waya tangu kabla ya Ramadhani, kwa sababu dirisha la ofisi liko juu pale pale na bosi akiwa kwenye simu na wateja alikuwa anasikia tii tii tii, akasema hebu zimeni hio kelele. Fundi akakata waya, akaufunga na seloteipu. Dakika mbili kazi imekwisha. Honi ilikuwepo, ila mpaka uipige ngumi.

Wallahi sikuhisi maumivu mwanzo. Nilisikia sauti, kama mtu amekanyaga chupa tupu ya maji, ile ya plastiki. Nikatazama chini nikaona gurudumu liko juu ya raba yangu. Raba za Kongowea hizo, za shilingi mia sita. Alafu kila mtu akaanza kupiga kelele, mmoja "mbele! mbele!", mwengine "rudisha!", Rubani yuko juu haoni chochote, kichwa kinazunguka, akachukua ya mwisho aliyoisikia, akarudisha. Kwa hivo lilikuwa limesimama kwenye vidole, likamalizia wayo.

Mpaka leo nikisikia mtu amefunga mlango wa stoo kwa nguvu nakunja vidole. Hata kile ambacho hakipo.

Sanduku la fasti edi liko ukutani, limepakwa rangi nyeupe na msalaba mwekundu vizuri kabisa, limefungwa kufuli, na ufunguo uko kwa mtu aliyekwenda kula. Kijana mmoja wa kibarua akataka kunivuta kile kiatu, na aliyeniokoa ni mama wa chai. Alimpiga mkono yule kijana, akasema usivue, kata. Wakaikata raba kwa kile kisu chake cha maandazi, akavua leso yake ya kiunoni akanifunga. Leso yenyewe nilikuja kumnunulia nyengine Biashara Street, akakataa kuivaa, ameiweka. Pikapu ya ofisi ilikuwa imeegeshwa pale nje ila ikasemekana dereva amekwenda kuswali, nikatolewa na tuktuk, mguu umening'inia nje, na kila tuta baina ya pale na hospitali nalijua kwa jina.

Ya hospitali sitaki kuyarefusha. Eksrei, mifupa mitatu ya wayo imevunjika, kidole cha mwisho hakikuweza kuokolewa. Wiki mbili kitandani alafu nyumbani. Jamaa zangu walipata la kuchekea, kila anaekuja kuniona "huyu ndio mtu wa Magongo wa kweli sasa, kwao Magongo na magongo anayo mawili."

Haya sasa, kilichonifanya niandike.

Siku ya tatu supavaiza amekuja kunitembelea. Amekuja na mkate wa mayai na juisi, mtu mzuri sana huyu sitaki mumchukulie vibaya, amenisaidia kupata hio kazi. Ameniuliza hali, amepiga dua, alafu ametoa kile kitabu cha ajali kwenye mfuko wa nailoni, kikubwa cheusi, na biro. "Tia sahihi hapa kaka, ni taratibu tu." Nikasoma. Tarehe sawa, saa sawa, jina langu limekosewa herufi moja. Alafu: *Alijikwaa kwenye paleti akaumia kidole.*

Nikamwambia, mbona hivi? Mimi sikujikwaa.

Akanyamaza kidogo. Alafu akaniambia kwa sauti ya chini kwamba nikiandika nimegongwa, Rubani anafutwa kazi kesho asubuhi, na Rubani ana watoto wanne, mdogo ana miezi sita, na mimi namjua yule mtoto nilikula pilau kwenye akika yake. "Kidole kishakwenda ndugu yangu, hakirudi. Kwa nini na yeye apoteze?" Na pembeni ya kitabu kulikuwa na karatasi nyengine imekunjwa, ya kukubali kwamba nimepokea shilingi elfu kumi na tano ya kunisaidia na sidai kitu. Nyinyi mnaosoma mmekaa kwenye kiti mtasema ningekataa pale pale. Mimi nilikuwa nimechomwa sindano, kichwa kimejaa pamba, na biro nilikuwa nimeshaishika. Kilichoniokoa ni nesi kuingia kubadilisha dripu akamwambia muda wa wageni umekwisha. Akasema atarudi.

Kabla hajarudi alikuja mzee wa nyumba ya nyuma. Huyu mzee alikuwa kuli bandarini siku zile za magunia na kulabu, kabla kontena hazijatawala, mkono wake wa kushoto una vidole vitatu na nusu, silingi ya winchi ilipokaza vilikuwa ndani. Nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Mjukuu wangu, kwani ulijikwaa?" Nikasema la babu. "Basi wataka kutia sahihi umejikwaa kwa sababu gani?" Nikamweleza habari za Rubani tena. Akasema, "Kwani huwezi kusema umegongwa na usiseme Rubani afutwe?" Akaniuliza kama nimekwenda leba, ofisi ya serikali ya mambo ya wafanyakazi. Nikasema kuna sheria ya fidia ya wanaoumia kazini inaitwa Wiba. Akasema, "Mwiba?" Nikasema Wiba, babu, ni herufi za Kiingereza. Akasema hata, mwiba ndio jina lake sawa.

Supavaiza aliporudi nilimwambia nitatia sahihi nikitoka, macho hayaoni vizuri. Uwongo mdogo.

Leba nilikwenda siku ya kumi na tisa, na magongo yangu, na ngazi. Nilikutana na mama mmoja wa makamo, akaniketisha, akaniuliza mwajiri ameripoti lini. Mimi nitajua vipi? Akafungua akatazama, hakuna kitu. Akaniambia mwajiri ana siku saba za kupeleka ripoti tangu ajue ajali imetokea, na mtu akifa ni saa 24. Mimi nikaanza hadithi yangu, nikamweleza kitabu, nikamweleza neno alijikwaa, nimejiandaa kupigana, nina picha za waya uliokatwa nilitumiwa na kijana wa kibarua. Amenisikiliza, alafu amecheka, si kwa dharau. "Kaka, hata kama ulijikwaa ungelipwa."

Nikabaki mdomo wazi. Kumbe hio sheria, ya mwaka 2007, haiulizi kosa ni la nani. Ukiumia kazini na kwa sababu ya kazi, imekwisha, ulijikwaa usijikwae, labda iwe umefanya utundu wa makusudi kabisa. Matibabu ni juu ya mwajiri. Mshahara unaendelea ukiwa huwezi kufanya kazi, mpaka miezi 12. Kibarua na yeye ni mfanyakazi, asidanganywe. Na ukibaki na kilema, daktari anakupimia asilimia, wanachukua mshahara wa miezi 96 wanapigia hio asilimia. Mie mshahara wangu 24,000, mara 96 ni 2,304,000, daktari alinipa asilimia 8, kwa hivo 184,320. Nimeandika mpaka mwisho ili mtu asije akaambiwa elfu kumi na tano akaona ni hisani. Dai lako lipeleke ndani ya miezi 12, usikae. Na usikimbilie kwa wakili aende kortini moja kwa moja, tangu tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu ilishasema mambo haya yanaanza kwa Mkurugenzi wa usalama kazini, korti ni baadae kama hukuridhika.

Kwa hivo ile vita yangu yote ya neno moja, kwa upande wa pesa, ilikuwa ya bure. Nilishuka zile ngazi nacheka peke yangu kama mwehu.

Lakini usiku sikulala. Manake kama pesa ni ile ile, mbona wao walitaka hilo neno?

Niliporudi kazini, mguu bado umefura jioni, waliniweka mezani na jambo la kwanza nililofanya ni kuomba kile kitabu. Karani ni karani, nikakisoma chote tangu ukurasa wa kwanza, miaka sita. Na nikaona kitu ambacho sasa hakinitoki kichwani. Ni ile "ji". *Alijibana kidole. Alijigonga kichwa. Alijikata. Alijiangusha. Alijiangushia mzigo.* Ukurasa baada ya ukurasa, ji, ji, ji. Ungesoma kile kitabu ungedhani godauni letu limeajiri watu ambao hawajipendi, wanaamka asubuhi wanapanda matatu wanakuja kujipiga.

Na mimi wengine wao nawajua. Yule "alijibana" alikuwa anateremsha paleti jeki kwenye rampu, ile ya mkono, imebeba karibu tani moja, na paleti jeki ile ya kwetu haina breki, ukiwa mbele yake kwenye mteremko breki ni wewe. Ilimfuata mpaka kwenye ukuta. Alitakiwa awe upande wa juu, mzigo utangulie, na kusema kweli alitakiwa asiwe kwenye rampu na kitu kile kabisa. "Alijiangushia mzigo" ni kijana aliyefungua kontena ya wateja wengine tuliowakodishia nafasi, kontena imetikisika baharini wiki tatu, magunia yameegemea mlango, yeye akafungua komeo mlango ukamsukuma na magunia yakafuata. Hakuna aliyemwambia simama ubavuni, fungua ubawa mmoja kidogo kidogo, funga mkanda kwanza. Miezi miwili mgongo.

Na "alijiangusha", huyu naumia nikimkumbuka. Paleti za juu kabisa zilikuwa zimeinama, ngazi hakuna, Rubani wa wakati ule (si Rubani wetu) akamwambia panda kwenye meno nikupandishe. Akasimama juu ya paleti tupu, akapandishwa mita nne, hakuna kizimba hakuna kamba, ameshika ile cheni ya mlingoti. Cheni ikitembea mkono unakwenda nao. Akaachia. Na kitabu kikaandika amejiangusha, wiki ile ile yeye yuko kwenye plasta mpaka kiunoni, alijiangusha, kama mtoto anayetaka kubebwa.

Ukiandika alijikwaa, dawa yake ni nini? Fagia njia, waambie watu wawe makini. Ukiandika aligongwa na foklifti iliyokatwa waya wa king'ora, dawa ni waya. Waya wa shilingi hamsini. Ndio maana neno lile lilitakiwa, na sidhani hata supavaiza alikuwa amefikiria hivo, yeye aliandika vile alivyofundishwa kuandika na aliyemtangulia. Kitabu chenyewe kina hati tatu tofauti na zote zinajua ile ji.

Sasa Rubani. Wakaguzi wa usalama kazini walikuja, wawili, bila kupiga simu, sheria inawaruhusu. Mimi nilikuwa mezani moyo unadunda manake bado nilikuwa na lile la watoto wanne. Wakamwita. Na huyu mtu ambaye wiki zote zile alikuwa hanitazami usoni, nikija anaenda uani kwa kuku, alisimama pale mbele ya bosi akasema, "Mimi ndie niliyemgonga. Sikumuona. Na hii kitu hailii." Akaionyesha seloteipu. Mkaguzi akamuuliza amesomea wapi kuendesha, akasema amefundishwa na binamu yake kwenye yadi Miritini, wiki moja, jioni jioni. Mkaguzi akageuka kwa bosi akauliza, nani alimpa ufunguo? Kimya. Basi lile swali ndilo lililomuokoa Rubani, kwa sababu lilihama kutoka kwake likapanda ngazi likaenda ofisini kule kwenye dirisha.

Hakufutwa. Walimpeleka kozi na akarudi ananisumbua mimi na elimu. Siku moja tunakunywa chai akaniambia alipokuwa kibarua yadi nyengine aliona foklifti imepinduka ubavu kwenye kona, imebeba mzigo juu juu, dereva akaruka kujiokoa, na akaruka upande ule ule inaoangukia, lile paa la chuma la foklifti likamkuta chini. Kozini ndio akajua kwamba hutakiwi kuruka. Unafunga mkanda, ikianza kulala unashika usukani, unakaza miguu, unaegemea upande wa pili, unabaki ndani. "Miaka yote ile nilikuwa nawaambia abiria fungeni mikanda," akasema, "na mkanda wenyewe nlikuwa nimeukalia." Sasa anafunga. Lile tangazo la ndege ameacha, na kusema kweli nalikosa kidogo.

King'ora kimeunganishwa. Bosi amehamisha meza upande wa pili wa ofisi. Sefti buti tumepewa, na vibarua pia, na pesa hazikukatwa, ingawa mwanzo walijaribu kuandika "zitakatwa kidogo kidogo" mpaka tukawaambia sheria hairuhusu kumtoza mfanyakazi kitu cha kumlinda. Tuko 31 bila vibarua, na ukifika 20 lazima kuwe na kamati ya usalama, kumbe miaka yote tulitakiwa tuwe nayo. Sasa iko, mama wa chai hayumo kwa sababu si mwajiriwa, jambo ambalo naliona la upuzi manake ndie pekee aliyejua la kufanya siku ile. Ufunguo wa sanduku umewekwa hadharani. Kufuli limeondolewa, ufunguo umening'inizwa pale pale kwenye msumari, sijui wa nini.

Malipo yalichelewa kidogo yakaja. Nilimlipa mamangu deni la hospitali alilokopa chamani, nikamnunulia mzee wa nyumba ya nyuma kanzu, akaniuliza "huu ndio mwiba?" nikasema ndio babu.

Kwenye kitabu, ile sahihi sijatia mpaka leo. Supavaiza alikuja akaniuliza niandike mwenyewe basi ninavyotaka, nikakaa na biro kama dakika kumi. Nikaandika: foklifti ilirudi nyuma bila king'ora, gurudumu la nyuma likapita juu ya mguu wa karani mara mbili, kidole kimoja kimekatwa, mifupa mitatu imevunjika. Yeye akasoma, akasema ni ndefu, nafasi ni mstari mmoja. Nikamwambia basi tia mistari mitatu.

Kitu cha mwisho kilichoombwa na wakaguzi kilikuwa njia ya watu, mstari wa manjano sakafuni, foklifti ipite huku watu wapite huku. Wiki iliyopita wamepaka. Wameanza mlangoni, mstari umenyooka vizuri, vijana walitumia kamba na chaki. Umefika nguzo ya kwanza, ya pili, ukafika nguzo ya tatu, rangi ikaisha. Nimeuliza kwenye kamati wakasema imeagizwa. Kutoka nguzo ya tatu kwenda ya nne ni simiti tupu, na nikisimama pale kuhesabu nageuza mgongo kwenye magunia, uso kwenye njia.